Nina miaka 55, mume anataka nistaafu kwa hiari tuwahi mkupuo

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku mkoa wa Shinyanga, kijijini kabisa, wilaya naomba nisitaje maana huku tunajuana wote. Mwezi wa nane nimetimiza miaka 55 na tangu siku hiyo nyumbani amani hamna, kazini hamna, hata kwenye grupu la WhatsApp la ukoo hamna, kila mtu ana maoni yake juu ya kustaafu kwangu utadhani wanaostaafu ni wao.

Niliajiriwa Oktoba 1996 na cheti cha daraja la IIIA, nikaja nikasoma diploma, nikapanda daraja, nikakwama miaka, nikapanda tena. Mshahara sa hivi baada ya daraja jipya na ile nyongeza ya mwezi wa saba ni 1,276,000, lakini usiione hivyo, mkononi nabaki na laki tano na kidogo kwa sababu nina mkopo wa benki, nilikopa kumalizia nyumba, wanakata 440,000 kila mwezi mpaka katikati ya 2028. Nikitaka kuulipa wote leo wanasema ni kama milioni 12.

Sasa mume wangu. Ni fundi seremala, mtu mzuri sana simsemi vibaya, ila tangu kaka yake amwambie kuna Noah inauzwa hapo mjini na eti ruti ya kuingia Kahama inalipa, basi kila jioni ni hesabu. Alinipeleka kwa mwalimu mwenzangu wa hisabati akatupigia, akasema nikiandika barua ya hiari leo napata mkupuo wa milioni 41 na laki saba na pensheni ya 417,600 kila mwezi. Mume wangu akanyanyuka kwenye kiti. Akaniambia mama watoto, sasa hivi unaleta laki tano, ukistaafu utaleta laki nne na kitu, kwa hiyo kumbe unaamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kwa ajili ya laki moja? Bi Mkubwa nilikosa jibu. Mpaka leo sijalipata.

Na ukweli nimechoka. Nafundisha darasa la kwanza, nina watoto 134 chumba kimoja, madawati ya mbele yamesogea mpaka yamegusana na ukuta wa ubao, nikitaka kuandika inabidi nisimame ubavu ubavu huku mkono nimeunyoosha, bega la kulia limeanza kukataa, mwezi uliopita nilishindwa kuinua ndoo. Usiku napanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ndo napata mtandao wa kujaza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, mwanamke wa miaka 55 nasimama gizani na simu juu ya kichuguu, na nyoka huku wapo.

Ofisini nako maneno ni mengi. Kuna wanaosema kikokotoo, yani kanuni ya kupiga mafao, kinabadilishwa tena, wengine wanasema mkupuo utashuka kwa hiyo bora kuwahi, wengine wanasema unarudi asilimia 50 kwa hiyo tusubiri, mwalimu mkuu yeye anasema watapandisha umri mpaka 65 kwa wote. Mwenzangu mmoja tuliyeanza naye kazi ameshaandika barua.

Alafu kuna hili ambalo linaniuma kuliko yote. Binti yangu alimaliza ualimu chuo kikuu 2020, mpaka leo hana ajira, anauza vitenge mtandaoni. Juzi tunamenya viazi akaniambia, anacheka lakini hacheki, "mama nyie wazee mkitoka kwa hiari na sisi si tungepata?" Nikasikia redioni vijana wengine wanasema hivyo hivyo, kwamba watumishi wa 55 watoke kupisha vijana. Nikajiona kama nimekalia kiti cha mwanangu.

Niandike barua au nisiandike? Na mume wangu nimjibu nini?

Mwalimu wa darasa la kwanza, Shinyanga

JIBU LA BI MKUBWA

Marahaba mdogo wangu, pole na bega na pole na kichuguu. Wasomaji wengi mnanijua, mimi nilikaa meza ya utumishi halmashauri mpaka nami nikastaafu, mafaili ya wastaafu yamepita mikononi mwangu mengi tu, kwa hiyo hili swali nimelijibu uso kwa uso na watu waliokuja wameshaandika barua na waliokuja bado. Kisheria unaruhusiwa, mtumishi wa kawaida hiari inaanza 55 na lazima ni 60, hakuna anayekudai sababu. Kwa hiyo tusiongelee ruhusa, tuongelee hela na bega.

Naanza na laki moja ya baba watoto maana ndo iliyokunyamazisha, na nakiri ni hesabu tamu, inaingia kichwani haraka. Kosa lake ni kwamba anachukua mshahara uliokatwa mkopo anaulinganisha na pensheni ambayo haijakatwa mkopo. Ile 440,000 ya benki haipotei ukistaafu mdogo wangu, benki inaidai ile ile, na wengi inaishia kulipwa kwenye mkupuo. Toa milioni 12 kwenye hiyo 41 na laki saba, unabaki na milioni 29 na kitu, hiyo ndo hela ya kweli ya mkononi mwako, hata Noah yenyewe sijui kama inafika na bima na vibali na matairi. Ukibaki kazini mkopo ukaisha 2028, ile 440,000 inarudi kwenye mfuko wako, ukishaondoa kodi na michango unabaki na laki tisa na zaidi kwa mwezi. Kwa hiyo unacholinganisha ni laki tisa na laki nne. Mwambie hivyo, kwa upole, na mpigie hesabu kwenye karatasi aione mwenyewe, wanaume wa fani ya vipimo wanaheshimu karatasi.

Sasa hesabu ya mwalimu wa hisabati iko sawa, nimeirudia. Kwa wasomaji ambao hawajui inavyokwenda, mfuko wa pensheni unachukua wastani wa mishahara yako bora mitatu ya mwaka ndani ya miaka kumi ya mwisho, unagawa kwa 580, unazidisha kwa miezi uliyotumika, hapo unapata pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake inazidishwa na 12.5 unapewa kwa mkupuo, asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12 ndo unalipwa kila mwezi mpaka unakufa. Wewe una miezi 348. Mwalimu ametumia wastani wa 1,160,000 kwa mwezi, yani 13,920,000 kwa mwaka, na hapa ndo nataka usimame kidogo, kwa nini 1,160,000 wakati mshahara wako ni 1,276,000? Kwa sababu huo mpya umeanza kuupata juzi tu, miaka mingine miwili inayoingia kwenye wastani ni ya mshahara wa zamani, ule wa kabla ya daraja. Ukitoka leo unaondoka na daraja ambalo umelisubiri miaka yote hiyo bila kulila kwenye pensheni.

Sasa jaribu kukaa mpaka Oktoba 2028, unakuwa na 58 na kidogo. Miezi inakuwa 384, miaka mitatu bora yote ni ya 1,276,000, na hapo hata sijaweka nyongeza nyingine yoyote, nimefanya kama serikali haitakuongezea shilingi. Mkupuo unakuwa 50,688,000 na pensheni 506,880 kila mwezi, na mkopo umekwisha, hakuna wa kukukata. Yani uchaguzi wako si milioni 41 leo au milioni 50 baadaye, ni milioni 29 leo au milioni 50 miaka mitatu ijayo, pamoja na 89,280 zaidi kila mwezi kwa maisha yote. Ukienda mpaka 60, Agosti 2030, kwa mshahara huo huo miezi inakuwa 406, unafika 53,592,000 na 535,920. Umeona kitu hapo? Kutoka 55 mpaka 58 ongezeko ni kubwa, kutoka 58 mpaka 60 ni dogo. Kwa hiyo mimi sikuambii ukae mpaka 60 ufie ubaoni, hapana, nakuambia 55 kwako wewe ni mapema mno na 58 ni umri mzuri kabisa wa kuandika barua ya hiari. Mwenzako aliyeandika inawezekana hana mkopo na daraja lake ni la siku nyingi, hesabu yake ni nyingine, usimwige.

Tuje kwenye uvumi. Hiki kikokotoo kimepita mikono mingi ndo maana watu hawana imani nacho, na siwalaumu. Mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa 2018 ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mwaka huo huo zikaja kanuni za mkupuo wa asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele mpaka Desemba 2018 Rais Magufuli akasimamisha akasema twende na za zamani mpaka 2023. Julai 2022 ikaja ya 33 kwa wote. Kelele tena, bungeni, Mei Mosi, TUCTA ya vyama vya wafanyakazi, kila mahali, na kwenye bajeti ya Juni 2024 Waziri Mwigulu Nchemba akatangaza waliokuwa wa asilimia 50 zamani wapande kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa wa 25 wafike 35. Nyie walimu mlikuwa PSPF kwa hiyo ni 40.

Nina jambo moja hapa ambalo huwa nalisema kila mahali na watu wananinunia. Nchi nzima inagombania asilimia, rudisheni 50, rudisheni 50, lakini asilimia siyo iliyowakata sana nyie wa PSPF. Zamani mlikuwa mnagawiwa kwa 540 na kuzidishiwa 15.5, sasa ni 580 na 12.5. Chukua namba zako hizo hizo za leo, kwa kanuni ya zamani ungepata mkupuo wa milioni 69 na nusu. Sasa hivi 41 na laki saba. Haya, tuseme kesho serikali inarudisha asilimia 50 kama wanavyodai wote, wewe unapata ngapi? Milioni 52 na laki mbili. Milioni 17 na laki tatu hazirudi hata mkirudishiwa 50, zimemezwa na hizo namba mbili ambazo hakuna anayeziandika kwenye bango. Tena ile tofauti ya 50 na 40 haijapotea, unalipwa kidogo kidogo kwenye pensheni ya mwezi, ukiishi sana unaila yote na zaidi. Ile ya 15.5 na 12.5 ndo hailipwi popote. Viongozi wa vyama wanalijua hili, kwa nini hawalisemi kwa sauti ile ile ya asilimia mimi sielewi, labda asilimia ni rahisi kuimba kwenye maandamano ya Mei Mosi.

Serikali nayo ina upande wake, tuwe wakweli. PSPF ilibeba watu kama wewe mlioajiriwa kabla ya Julai 1999 ambao miaka ile hamkukatwa mchango hata senti lakini miaka yenu inahesabiwa na mnalipwa, hilo deni serikali ilikaa nalo miaka mpaka ikatoa hatifungani ya trilioni 2.17 kulipunguza. Mfuko uliyumba kwa sababu mwajiri hakuweka hela, alafu dawa ikatafutwa kwenye kiinua mgongo cha mwalimu. Mimi hapo ndo naona uchungu wa watu una haki.

Lakini yote hayo hayakufanyi wewe ukimbie. Badiliko la mwisho lilikuwa la kupandisha. Habari ya kushusha nikiitafuta naikuta kwenye voisi za WhatsApp tu, na mtu anayestaafu kwa sababu ya voisi ya WhatsApp anakuwa amefanya uamuzi wa maisha yake kwa mdomo wa mtu asiyemjua. Ya 65 ya mwalimu mkuu imetoka kwa maprofesa na madaktari bingwa, hao hiari yao inaanza 60 na lazima 65, na ni kitu cha siku nyingi, haimhusu mwalimu wa darasa la kwanza.

Noah sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo na shemeji yako anisamehe. Pale ofisini kwangu wastaafu walikuwa wanarudi kila mwaka kwa mambo ya uhakiki, na ukikaa nao kwenye benchi la nje wanakuambia. Mmoja alikuwa mkuu wa shule, mtu wa tai, alinunua gari ya abiria kwa mkupuo akampa mtoto wa dada yake aendeshe, miezi ya kwanza hesabu inaletwa jioni imefungwa kwenye leso, baadaye inaletwa siku mbili mara moja, baadaye inaletwa story, traffiki wamekamata, gia boksi, tairi, abiria hamna msimu wa mvua, mwisho akaja kuniuliza kama pensheni ya miezi ya mbele inaweza kulipwa kwa pamoja. Haiwezi. Nikamwangalia viatu vyake nikaangalia pembeni. Baba watoto ni seremala, anajua mbao, anajua msimu wa milango na msimu wa vitanda, anajua nani analipa na nani anakopa. Kama kuna biashara ndani ya nyumba yenu ni ile, mashine ya randa ya umeme ina bei ndogo sana mbele ya Noah na mwenye kuiendesha analala kitanda kimoja na wewe. Ruti ya Kahama haijui yeye wala wewe wala huyo kaka, anayeijua ni dereva, na dereva siyo wenu. Muulize shemeji swali moja tu, yeye anaweka ngapi?

Jina la mkupuo wako likishatajwa kijijini watakuja na wengine, na watapiga simu matapeli wanaojifanya wa mfuko, tuma laki mbili faili lako liharakishwe. Usitume. Hakuna malipo ya kuharakisha faili, na sheria inautaka mfuko ulipe ndani ya siku 60 nyaraka zikiwa zimekamilika.

Kuhusu binti yako nimesoma mara mbili. Hujakalia kiti cha mwanao. Hivi viti havirithishwi na wala havihesabiwi hivyo, wewe ukitoka leo nafasi yako inarudi kwenye bajeti, inasubiri kibali cha ajira, kibali kikitoka inatangazwa na Sekretarieti ya Ajira nchi nzima, watu wanaomba, wanafanya usaili. Usaili wa walimu uliofanyika mwanzoni mwa 2025 nafasi zilikuwa 14,648 na walioomba walizidi laki mbili. Sasa hao laki mbili, ukitoa wazee wote wa 55 nchi nzima ukawapiga picha ya pamoja getini, bado vijana wanabaki nje. Shule yako yenyewe ni shahidi, watoto 134 chumba kimoja, hapo tatizo ni kwamba mzee yupo au ni kwamba walimu wengine wawili hawajaajiriwa? Hoja ya wazee pisheni inapendwa na wengi kwa sababu haigharimu hazina kitu, inawaacha mama na binti wanagombana jikoni juu ya viazi. Mimi nikiulizwa na hao vijana nitawaambia daieni vibali vya ajira, msidai mama zenu watoke. Na kwa binti yako kuna la vitendo, mshahara wako wa miaka mitatu hii ndo unamlipia nauli na chakula akienda kwenye usaili mikoani, na duka lake la vitenge, ukistaafu kwa laki nne yeye ndo wa kwanza kukosa. Mwambie hilo siku mnamenya viazi tena, bila kumsuta, maana na yeye ameumia, tangu 2020 si mchezo.

Tumebaki na bega, na hili ndo lingeweza kunigeuza maamuzi. Kama mwili umegoma kweli sitakuambia usubiri 2028 kwa ajili ya milioni 20 na kitu. Nenda hospitali ya wilaya na kadi yako ya bima upimwe bega hilo, upate maandishi ya daktari, siyo panado ya zahanati. Ukiwa na maandishi hayo muandikie mwalimu mkuu na nakala kwa afisa elimu kata, omba utolewe darasa la kwanza upewe la tano au la sita ambako watoto ni wachache na wanaweza kunakili wenyewe, au upewe maktaba na taaluma. Najua utasema mkuu atanuna. Anune. Umefundisha toka 1996, ukiomba kubadilishiwa darasa kwa cheti cha daktari hujaomba rushwa. Hali ikizidi kabisa ikawa huwezi kazi yoyote, kuna kustaafu kwa ugonjwa kupitia jopo la madaktari, hiyo ni njia nyingine na mafao yake yanashughulikiwa kivyake, kwa hiyo usiharibu kwa kuwahi barua ya hiari. PEPMIS mtafute kijana mmoja hapo shuleni mkae naye mchana wakati mtandao unapatikana mjini au senta, mjaze wote kwa pamoja. Kwenye kichuguu usirudi.

Kuna swali hujaniuliza ila najua lipo kwa baba watoto, kwamba je ukifa na 57 si utakuwa umewaachia mfuko? Mstaafu akifa wategemezi wanalipwa mkupuo wa pensheni ya miezi 36, na mtumishi akifa kazini wategemezi wake nao wana mafao yao. Kwa hiyo siyo kwamba usipochukua leo hela inaliwa. Angalieni tu majina ya wategemezi uliyojaza, wapo wanaojikuta wameandika mtu wa 1998.

Fanya hivi mwezi huu. Ingia kwenye PSSSF Kiganjani au nenda ofisi yao ya mkoa Shinyanga mjini uchukue taarifa ya michango yako, uangalie mwezi mmoja mmoja kama kuna mapengo, hasa kipindi ulipohama shule na ulipokuwa masomoni. Mapengo yanazibwa ukiwa kazini, ukishatoka kila afisa anakuambia rudi kesho. Tafuta barua ya ajira ya 1996, barua ya kuthibitishwa kazini, hii ya kuthibitishwa ndo inawatesa wengi maana masijala za zamani zililiwa na mchwa, tafuta na barua za madaraja yote. Angalia jina lako kwenye NIDA na kwenye barua ya ajira kama yanafanana herufi kwa herufi, kama uliajiriwa kwa jina la baba na NIDA umeandika la mume anza kurekebisha sasa hivi. Watu wanacheleweshewa mafao miezi kwa herufi moja ya H.

Ukienda Shinyanga nenda na baba watoto. Mkae wote wawili mbele ya afisa wa mfuko, aulize yeye mwenyewe kwa mdomo wake makadirio ya leo na makadirio ya Oktoba 2028, wampe kwenye karatasi. Akisikia kwako ataona unakataa Noah, akisikia kwa afisa ataona ni hesabu. Mkirudi pitieni benki mchukue salio la mkopo kwa maandishi, hiyo milioni 12 uliyoniambia nataka uione imeandikwa, wakati mwingine wanakuambia kwa simu kiasi kingine.

Barua ya hiari kwa sasa usiandike. Ukitaka kuandika barua, anza na ya bega.